Waliosubiri Kuchukuliwa

Asubuhi ile ya Agosti Arlene Terwilliger alichemsha mayai katika sufuria kubwa ya kupikia nyanya za kuhifadhi, akakata mikate, akatoa nje birika la kahawa na ndoo ya maziwa. Vijana walikuwa wamekwisha kupanga foleni kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Tope lilikuwa limewafika magotini, ingawa kaunti nzima ya Sullivan haikuwa imepata tone tangu Julai. Mvua ya mwaka wa sitini na tisa ilikuwa bado inawanyeshea wao peke yao, manyunyu tu, na Arlene alikuwa ametandika magunia kizingitini wasimharibie sakafu.

Walikuja kwenye tamasha. Dunia inaliita Woodstock, japo mji wa Woodstock wenyewe uko mbali na pale, na watu wa huku wamechoka kusahihisha jambo hilo. Zilikuwa siku tatu za muziki, mvua na mapenzi katika konde la mfugaji, vijana kama mchwa, wote wakisema vita vya Vietnam vitakwisha na watu wataishi kama ndugu. Leo wanaodai kwamba walikuwepo wangeweza kujaza kaunti tatu.

Asubuhi ya mwisho, konde lilipobaki na takataka na viatu visivyo na wenzake, mama yake Arlene aliwakuta vijana wengine wamekaa juu ya ukuta wa mawe. Akawaambia kwamba hakuna atakayeondoka shamba lile na njaa, wakae, wale, mpaka wenyewe waje kuwachukua. Katika vilima vile neno lililosemwa kwenye ua wa shamba halirudi nyuma. Watu huuziana ng'ombe na mashamba kwa neno hilo, na anayelivunja hapati jirani wa kumsaidia kuvuna majani. Kosa la mama lilikuwa kudhani kwamba wenyewe ni baba na mama zao. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka. Kila mmoja alitembea hadi barabarani, akapata lifti, akafika kwao, akanyoa nywele, akatafuta kazi, na huyu wa tope, ujana wake mwenyewe, akamwacha ukutani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakuwa na majembe ya kuwatosha, akawapa ndoo za kukamulia. Alipokufa, ng'ombe na neno lake vikamwangukia Arlene kwa pamoja.

Zamani vijana walijaza banda zima. Siku hizi dari ya ghala la majani makavu iliwatosha, kwa sababu mwenyewe akifa huko aliko, kijana wake haonekani asubuhi, na blanketi lake hukutwa limekunjwa. Arlene hakumwombea mtu mauti. Ila ukurasa wa tanzia gazetini aliusoma kwa makini kuliko zamani.

Alikuwa amechoka. Alikuwa na miaka sabini na mitano, na magoti yake yalilia kwenye ngazi kama bawaba zisizotiwa mafuta. Mpwa wake Wade, aliyekaa Binghamton, alikuwa amemwandalia chumba cha chini chenye dirisha la kuona bustani, na mnunuzi wa ng'ombe alikuwa anakuja Ijumaa. Arlene alikitaka kile chumba. Usiku alikiwaza jinsi wasichana wanavyowaza harusi. Lakini hangeweza kufunga mlango wakati kuna watu foleni, ndipo akakata shauri kwamba mwaka huu atawatafuta wenyewe na kumkabidhi kila mmoja mtu wake, hata kama ni mmoja mmoja.

Kila Agosti wenyewe walikuja kwa wingi kutembelea makumbusho yaliyojengwa mlimani, juu ya konde. Vijana wao hawakuweza kwenda kuwapokea. Siku zile uzio ulianguka hata kabla ya ngoma ya kwanza, watu wakaingia bure, na jambo hilo limeelezwa vizuri ndani, ukutani, kwa picha. Uzio wa sasa ni madhubuti. Kijana akiupita, mlinzi humrudisha kwa kigari cha umeme, kwa adabu kabisa.

“Bibi Arlene, huyu wako tena,” mlinzi alisema Jumatatu. “Hana tiketi, na anaacha tope kwenye viti.”

Huyo alikuwa Russ Petrak, mwenye miaka kumi na tisa na masikio yaliyochanua. Alimwita Arlene dada, kwa sababu walipokutana walikuwa hirimu moja, na hakuona sababu ya kubadilisha. Ndiye aliyekuwa mkamuaji mzuri kuliko wote. Kiangazi kile aliitwa jeshini, na pale kondeni, mvua ikimpiga, aliapa kwamba hataenda, wala hatamwachia mwingine aende badala yake. Tangu hapo alisubiri kujua mambo yalikwishaje. Mara nyingi Arlene alitaka kumweleza habari za dunia, lakini Russ alikataa. Alisema ataambiwa na mwenyewe.

Jumanne mama mmoja wa Connecticut alimtazama binti yake wa tope kutoka kichwani hadi miguuni, akasema yeye hakuwahi kuwa na nywele chafu hivyo. Mwanasheria mmoja alijitia hamnazo. Jumatano Arlene alisimama tena kwenye maegesho, fimbo mkononi, ndipo liliposimama gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani, akashuka mzee mwenye kofia ya jua na viatu vyeupe. Akili ni nywele, lakini mzee huyu alibaki na upara na masikio yale yale. Kifuani alivaa fulana inayouzwa dukani mle ndani, yenye picha ya kijana anayecheka kwenye tope. Kijana yule alikuwa Russ.

Arlene akamwambia kwamba aliye kwenye fulana yuko kwake.

Mzee aliinamia kifua chake. “Bado yupo?”

“Anakamua.”

Mzee Petrak akamuaga mkewe Joyce, akasema hatakawia.

Wakaketi kwenye benchi la nje ya zizi la Arlene, mzee mwisho huu na kijana mwisho ule. Wala hawakujua nani amwamkie nani. Manyunyu yalimlowesha mmoja tu. Arlene alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa alichosahau kukinywa, akiona chumba chake cha Binghamton kinasogea karibu.

“Uliwakatalia?” Russ aliuliza.

“Sikulazimika. Baba alifahamiana na daktari. Miguu ikaonekana mibovu.”

Russ akaitazama miguu yake. “Akaenda nani?”

“Mtu mwingine. Sikujua jina lake.”

Ng'ombe mmoja alikohoa ndani. Kijana aliuliza baada ya hapo ikawaje, akaambiwa ikawa kazi, katika kiwanda cha vipuri vya ndege, mpaka kustaafu.

“Ndege za nini?”

“Ndege tu, kijana.”

“Za abiria?”

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa uso wa yule kijana wa kwenye fulana. “Baadhi,” alisema. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba nyingi hazikuwa za abiria, na kwamba alijua zilikokwenda.

Arlene aliona huo ndio wakati. “Mzee, nimechoka,” alisema. “Ijumaa ng'ombe wangu wanaondoka. Mchukue mtu wako.”

“Joyce hamjui huyu.”

“Atamzoea. Hana makuu, analala popote.”

“Si kulala, bibi. Ni kuamka. Niamke kila siku nimkute ananitazama hivyo?”

Mzee alipiga picha na kijana, mkono begani, akamnunulia fulana mpya yenye ile picha, akampa Arlene mkono kwa heshima. Gari likaondoka kabla ya adhuhuri.

Arlene alikasirika, hasira ya mtu aliyechoka, isiyoweza kurusha hata kijiko. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa akalia kidogo, akiyalilia magoti yake na dirisha la bustani. Jioni Russ alikuja kukamua kama kawaida, fulana mpya imekwisha kulowa. Alikamua ng'ombe wawili.

“Nisamehe, dada,” alisema. “Nilidhani nitakuja kuwa mtu mzuri.”

“Mkamue huyo, asije akaanza kurusha mateke,” Arlene alimjibu, kwa sababu angesema lolote jingine angelia tena.

Alhamisi, foleni ilipofika mwisho, yai moja lilipungua. Aliyekuwa amesimama mwisho ni mzee mwenye kofia ya jua. Manyunyu yalikuwa yanamdondokea kutoka ukingoni mwa kofia, na viatu vyeupe vilikuwa vimezama topeni.

Arlene alimuuliza gari liko wapi.

“Limekwenda. Nilikuwa na mwenyewe mpaka kona ya kwanza,” mzee Petrak alisema. “Aliwasha redio, nikajikuta nimekaa ukutani. Nadhani ni kwa yale niliyosema pale benchini. Hakutaka kwenda nayo nyumbani.”

“Na mkeo?”

“Yuko naye. Hataona tofauti.”

Neno la mama halikuchagua umri. Arlene alimpa yai lake mwenyewe, akamuuliza kama anajua kukamua. Hakujua. Akamwonyesha ghala lilipo, akamwambia Russ atamfundisha, kisha akaingia ndani akampigia simu mpwa wake amwambie mnunuzi asije.

Wade akamuuliza, “Shangazi, mpaka lini?”

“Bibi yako alisema mpaka wenyewe waje.”

“Si uliniambia jana kwamba wa Russ amekuja?”

“Alikuja,” Arlene alisema. “Sasa wako wawili.”