Shingo Tupu ya Atabo

Tulitoka Kakuma kungali giza, mimi na mke wangu Atabo, kwenda hospitali ya Lodwar kwa ajili ya taya lake. Lilianza kama jino bovu. Kliniki moja kule iling'oa jino, ikang'oa na la pili, uvimbe ukazidi. Kisha mdomo wa chini ukafa ganzi, chai ikawa inammwagikia kidevuni bila yeye kujua. Ana miaka kama arobaini. Daktari wa Lodwar alisema saratani ya mfupa wa taya mara nyingi huwapata watu wazima wa umri huo. "Lakini picha ya mfupa ndiyo itakayotuonyesha," akasema.

Chepngetich, mama anayeendesha mashine ya picha, alimtazama Atabo shingoni, akashika kiuno.

"Mama, hizi zote zitoke. Shanga na hicho chuma."

Chuma hicho ni alagama, pete niliyomvalisha shingoni siku ya kumwoa. Mwanamke wetu wa Kiturkana huvua shanga na alagama akifiwa na mume.

"Mume wangu si huyo hapo?" Atabo akasema. "Nikivua nitakuwa nimemzika."

Wakajaribu kuvisukuma chini, picha ikapigwa hivyo hivyo. Haikufaa. Chepngetich aliniita nitazame kwenye kioo cha mashine. Michirizi myeupe ilikuwa imetoka kwenye chuma na kulifunika taya.

"Sioni kitu, mzee. Hata daktari hataona."

Mimi nilisoma ngumbaro ukubwani, nikapata cheti. Nikamweleza Atabo jinsi miale inavyopita nyamani na kukwama kwenye chuma. Alinisikiliza kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Na mama yako akiniona shingo tupu? Atapiga nduru isikike Lokichoggio."

Nikaketi sakafuni.

"Atabo, ukibaki nayo, mimi ndiye nitakayekuzika. Nimechoka kukuona ukinywa uji kwa upande mmoja."

Akainama mbele yangu.

"Basi vua wewe. Mwingine asiniguse."

Shanga zilitoka upesi, lakini alagama ilikuwa ngumu, na vidole vyangu si vya zamani. Nilipoipanua ikatoka, ngozi ya chini yake ilikuwa laini, nyepesi, kama ya mtoto.

Picha ya pili ilikuwa safi. Mfupa ulikuwa umeota miiba kuelekea nje, kama miale ya jua, na nafasi kuzunguka mizizi ya meno ilikuwa imepanuka. Daktari aliitazama, kisha akavua miwani.

"Inafanana na saratani ya mfupa. Eldoret watakata kipande wakipime, ndipo tujue kwa hakika. Msikawie."

Nje, mama muuza chai aliiona shingo ya Atabo, akaweka birika chini, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, dada. Woi, pole sana. Alikufa lini?"

Atabo akanisonta kidole.

"Marehemu ndiye huyo. Mpe chai haraka, ananipeleka Eldoret."