Ushahidi wa Kudra

Kwa idhini ya Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye ni baba yangu, na zaidi bila idhini yake, natangaza kwa taifa zima kwamba mwaka 1975 kijiji chetu kipya, kusini ya Ihanja, kilijiandaa kumpeleka Ulaya msomi wake wa kwanza. Hotuba iliandikwa. Mbuzi alichaguliwa. Msomi hakuondoka, na mbuzi aliliwa vilevile.

Msomi huyo aliitwa Mwalimu Sijaona Kitwana. Saa moja asubuhi ungemkuta akifundisha darasa la pili chini ya paa la nyasi, chaki mkononi, na mgongoni amebeba mtoto wa miaka saba. Miguu ya mtoto ilining'inia hadi magotini mwa mama. Akimshusha, mtoto alikimbilia ukutani akaanza kugonga kichwa. Akimwacha nyumbani, majirani walimfunga kamba kwenye nguzo, kwa wema tu, asije akatumbukia kisimani. Kwa hiyo Mwalimu alifundisha hesabu akiwa ameinama, na kila alipogeuka kuandika ubaoni ilimbidi ashike ukingo wa ubao kwanza.

Mtoto aliitwa Kudra. Hakuzungumza, alirudia. Ukimuuliza, "Umekula?" naye alikujibu, "Umekula?" kwa sauti yako mwenyewe, na kikohozi chako humohumo kama ulikohoa. Aliyoyasikia Jumatatu aliweza kuyatoa Ijumaa, mazima, bila kupunguza kitu. Watu walisema amerogwa. Mwalimu alisema ndivyo alivyozaliwa, na kwamba hali hiyo ina jina, otizimu. Hakubishana sana. Alikuwa na digrii ya Chuo Kikuu, na aliacha kazi kwenye shule ya sekondari ya bweni baada ya kuambiwa mtoto wake anawatisha wanafunzi. Mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo habishani tena kisimani.

Mwaka uliotangulia, wakati wa kuhamia vijijini, malori yalipokuja kuwatoa watu kwenye matembe yao ya zamani, yalitoa pia watoto ambao hakuna aliyejua kwamba wapo. Mmoja alishushwa garini akiwa bado amefungwa kwenye kinu. Mwalimu aliandika majina yao daftarini, kisha akaandika barua kwa chuo kimoja cha Uingereza kilichowafundisha walimu wenye digrii, manesi na watu wa ustawi wa jamii namna ya kuwasomesha watoto wa aina hiyo. Wakamjibu. Mwaka mmoja wa masomo ya uzamili, nauli na chakula juu yao. Kudra angekaa na bibi yake Singida mjini, mama angerudi, angefungua darasa. Ilibaki karatasi moja: Kamati ya Kijiji na Katibu wa Chama wa kata wathibitishe kwamba mwombaji ni mwananchi mwema, kabla mwezi haujaisha.

Katibu aliitwa Ndugu Laurenti, na wakati huo alikuwa akijenga. Saruji ya darasa jipya ilifika mwezi wa tatu. Mwezi wa sita darasa lilikuwa bado nyasi, ila nyumba ya Katibu ilikuwa na sakafu ambayo kuku walikuwa wakiteleza juu yake. Kila mtu aliiona, na kila mtu alipopita hapo alitazama upande wa pili. Mimi, Damarisi, binti wa Mwenyekiti, kidato cha tatu, nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikiyatazama mambo haya kama raia mwema asiyehusika.

Siku ya mgeni kutoka wilayani, kijiji kizima kilikaa kwenye vumbi tangu saa mbili. Mgeni alifika saa saba. Kama kawaida, mkutano ulifunguliwa kwa wito: kiongozi huita "Chama", umma hujibu "Chajenga nchi", mara tatu. Kudra aliupenda wito huo kuliko chakula. Hapo tu ndipo alipofanana na wengine, maana wote walikuwa wakirudia. Mwalimu alimleta kwa sababu hiyo, na kwa sababu Katibu alikuwa ameahidi kutia sahihi mbele ya mgeni.

Wito wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu walipomaliza na kunyamaza, sauti moja nyembamba ilisikika peke yake.

"Chajenga nyumba ya Laurenti."

Hakuna aliyecheka. Mgeni aliinamia upande wa Katibu akamuuliza, kwa upole, Laurenti ni nani. Katibu alitazama viatu vyake. Sahihi haikutiwa.

Siku ya tatu Kamati ilikaa ofisini, nami niliitwa kuwahudumia chai. Mwalimu aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo kwa kila kiti, Kudra akiwa mgongoni. Yeye hakupewa kiti.

"Ndugu Mwalimu," Katibu alianza, "unataka kwenda Ulaya kusomea wendawazimu. Mbona huo tunao hapa bure."

Wajumbe walicheka. Mzee Nathanaeli, balozi wa nyumba kumi, alicheka mpaka akakohoa, na Kudra akakohoa vilevile, wakacheka tena.

Mwalimu aliomba radhi. Aliomba mara mbili, ya pili kwa Kinyaturu, ingawa nyumbani kwao mjini hawakukizungumza. Alieleza kwamba mtoto hajui maana ya aliyoyasema. Ni mwangwi tu. Katibu alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, akafungua faili, akatoa barua ya maombi ya Mwalimu mwenyewe.

"Hapa umeandika kwamba mtoto huyu hatungi sentensi. Hurudia tu aliyoyasikia, hasa kwa mtu anayekaa naye. Ni maneno yako?"

"Ni yangu, Ndugu Katibu."

"Na anakaa na nani?"

"Na mimi."

"Basi," Katibu akasema, akaandika. "Mwombaji amekiri."

Ndipo Mwalimu alipofungua kanga. Alimshusha mtoto sakafuni, akachuchumaa mbele yake, akasubiri mpaka macho ya mtoto yalipotulia kwenye kifungo cha blauzi yake. Kisha akaita, polepole, mara tatu. "Chama. Chama. Chama."

Kudra aliyumba mbele na nyuma. Sauti iliyotoka haikuwa ya mama yake. Ilikuwa ya msichana, ya puani kidogo, ya bweni.

"Siyo hivyo, Kudra. Mara ya tatu ndiyo useme. Chajenga nyumba ya Laurenti. Sema tena, Da Damarisi atakupa karanga."

Akamalizia na kicheko. Kicheko hicho walikijua wote. Walikuwa wamekisikia tangu nikiwa mtoto wa kunyonya.

Baba aliweka kikombe chini.

"Mwendawazimu hatoi ushahidi," akasema.

"Mzee, sasa hivi mmeupokea," Mwalimu alisema. "Mmeuandika."

"Mwendawazimu hatoi ushahidi, Ndugu Mwalimu. Katibu, tuendelee."

Katibu alisoma maazimio kwa sauti ya redio. Ombi limekataliwa. Mtoto asionekane tena shuleni wala mkutanoni. Mzee Nathanaeli atachukua kamba kwenye ghala la kijiji na kuhakikisha. Na kwa kuwa nafasi ya taifa haifai kupotea, Kamati inampendekeza Ndugu Simoni, mdogo wake Katibu, mwenye cheti cha kuogesha ng'ombe.

Kudra akaanza upya. "Siyo hivyo, Kudra. Mara ya tatu..."

Mwalimu akamziba mdomo kwa kiganja. Miaka mitatu alikuwa amekaa mbele ya mdomo huo na kijiko, na kioo, na picha alizokata kwenye magazeti, akiuomba ufunguke. Aliuziba barabara, mtoto akapumua kwa pua kwa nguvu, na juu ya kichwa cha mtoto akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyolitazama darasa anapojua kwamba mmoja wao analo jibu.

Birika lilikuwa zito.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimfundisha kisimani, siku nne. Nilitaka Katibu achekwe. Mwalimu hakujua lolote."

Hakuna aliyeinua kichwa. Kalamu ya Katibu ilisimama kidogo, kisha akamuuliza baba kama Simoni anaweza kuondoka na lori la Alhamisi. Baba akasema anaweza. Akanisogezea kikombe bila kunitazama.

"Chai imepoa, mwanangu. Mimina nyingine."

Nikamimina. Nilianza na Katibu, kwa kuwa ndiye mkubwa.