Mfalme Asiyetaka Kufa

Mwalimu wa maigizo, ambaye wanafunzi walimwita Koti kwa kuwa hakulivua koti lake hata jua likipasua mawe, aliamini mambo mawili hapa duniani: kwamba kura ni mama wa ugomvi, na kwamba tamthilia yake ni nzuri. La kwanza alilifundisha. La pili alisubiri watu walione wenyewe, mwaka wa kumi na mmoja sasa.

Somo lake la mwafaka lilikuwa na kanuni moja. Kikundi kikitaka kuamua jambo, anayekubali husimama, asiyekubali hubaki kitini. Akibaki hata mmoja, hakuna kwenda mbele.

"Hapa hatuhesabu vichwa," alikuwa akisema huku akijipangusa chaki. "Tunasikilizana. Na kukubali si kupenda, wanangu. Ni kuona kwamba jambo hili unaweza kuishi nalo."

Wiki tatu darasa lilikaa na kusimama, likakaa na kusimama. Rangi ya pazia ilikula vipindi viwili. Wa kuigiza mlinzi wa lango alipatikana baada ya mmoja kulia. Koti alichekelea, mbegu imeota. Zilibaki siku nne tu tamthilia yake ionyeshwe kwenye mahafali, kwa mara ya kwanza, mbele ya wazazi ambao hawangeweza kutoroka.

Ndipo msichana waliyemwita Wakili, kwa sababu hata kengele ya mapumziko aliweza kuikatia rufaa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kikundi kina pendekezo. Onyesho la mwisho, mfalme achomwe mkuki, afe."

"Kwani hafi?"

"Anakufa baada ya kurasa nne, mwalimu. Mkuki uko kifuani, yeye anahutubia. Tunaomba afe papo hapo, kama watu wengine."

Viti thelathini na sita vikaburuzwa kwa mlio mmoja. Darasa zima lilisimama, mwafaka ambao Koti hakuwahi kuuona tangu aanze kazi. Hata mpwa wake, mtoto wa dada yake tumbo moja, anayemaliza sukari yake kila Jumapili, alisimama, macho sakafuni.

"Na wewe umo?"

"Mjomba... samahani, mwalimu. Lakini yule mtu ana mkuki kifuani."

Kumbe hawakujua. Hotuba ile ndiyo ilikuwa tamthilia yenyewe. Mengine yote aliyaandika ili mfalme apate pa kusimama. Koti akavuta kiti, akaketi, akapachika mguu juu ya mguu.

"Mimi sikubali. Na kanuni ni kanuni."

"Sawa kabisa, mwalimu," Wakili akasema, sauti imejaa asali. "Basi tunakusikiliza."

Koti akafungua mdomo. Alichokikuta mlangoni ni "mimi ndiye mwalimu hapa". Akakimeza, kikashuka kama mwiba wa samaki.

"Sentensi moja," akasema mwishowe. "Mwacheni aseme sentensi moja tu, kisha afe."

Wakatazamana. Sentensi moja wangeweza kuishi nayo. Lakini ipi?

Hapo moto ukawaka. Wakili akaanza kusoma kutoka juu, mstari kwa mstari, na kila mstari ukapata wapenzi wake na maadui zake.

"'Sikukikalia kiti hiki, chenyewe ndicho kilichonikalia.'"

"Hiyo kali!"

"Kali nini? Kiti kinamkaliaje mtu?"

"Kinamkalia! Njoo nyumbani umwone baba, tangu awe mwenyekiti wa mtaa."

Wakasoma kurasa zote nne. Wakazirudia. Mmoja alipanda juu ya dawati kuonyesha mfalme alimaanisha nini, mwenzake akamwambia ashuke, hajamwelewa mfalme hata chembe. Koti akasogeza kiti chake karibu. Hotuba ile hakuwahi kuisikia kwa sauti nyingine isipokuwa yake mwenyewe, mbele ya kioo cha kabati.

Mwisho wakasimama wote, thelathini na sita, kwa ajili ya mstari huu: "Nileteeni maji."

Koti aliuandika ili mwigizaji apate kupumua tu.

"Kiu ni lazima, mwalimu, kwa mkuki ule," Wakili akaeleza.

"Unaweza kuishi nayo?" mpwa wake akauliza taratibu.

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka, Koti alikuwa bado kitini.

"Hebu nisomeeni tena ile ya kiti," akasema. "Ili niamue vizuri."

Wakili akaisoma, safari hii bila mzaha. Koti akaisikiliza mpaka nukta ya mwisho, kisha akasimama.