Presha Yako Iko Sawa

Siku Mnadi alipoambiwa hospitalini kwamba moyo wake umetanuka na unapiga bila mpangilio, alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Nina presha."

Hakukusudia kudanganya. Kwa watu wake moyo ulikuwa wa kupendea na kuchukia tu. Ukiumwa, ugonjwa ni presha, na ukizidi kuumwa ni presha kali. Daktari wa watu alikuwa amejieleza mpaka mate yakamkauka. Moyo uliochoka hausukumi damu yote, alisema. Inayobaki hutuama, ikituama huganda, na siku donge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Akamwandikia vidonge vya kuzuia damu isigande. "Presha yako haina tatizo, mzee. Tatizo ni moyo. Usiviache hata ukijisikia mzima." Mnadi akaitikia ndiyo, ndiyo, kama alivyozoea kumwitikia mteja mwenye maneno mengi, akatia vidonge mfukoni akaenda zake kazini.

Kazi yake ilikuwa mdomo. Pale kwenye mnada wa samani zilizotumika hapakuwa na wa kumfikia. Aliweza kulisifia kabati lililoliwa na mchwa mpaka mwenyewe aliyelileta akatamani kulinunua tena.

Sasa aje Daktari. Si yule wa hospitali. Huyu alikuwa daktari wa jina tu, mume wa dada yake Mnadi, yule mdogo wake wa pekee. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtu mwema asiye na makuu, mpaka siku aliponunua kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi. Tangu hapo hakuna aliyesalimika. Alipima majirani, akampima fundi aliyekuja kuziba paa, akampima mama yake mzazi na tonge likiwa bado mdomoni. Ukoo ukaanza kumwita Daktari kwa utani, utani ukazoeleka, na mwisho watu wazima na akili zao wakawa wanampelekea maswali.

Ndiye aliyemfunga Mnadi kile kipimo, akasoma namba, akacheka. "Shemeji, presha yako iko sawa kabisa, ya kijana! Sasa vidonge vya nini? Mimi nimekaa na mabomba miaka yote hii. Presha ikiwa sawa, bomba huligusi. Hizo dawa zinaifanya damu iwe maji, bure utakuja kuishiwa nguvu."

Mnadi alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hivyo hivyo. Kila akinyoa ndevu akijikata, damu ilichukua muda kukatika, na vidonge vyenyewe vilikuwa vimemchosha. Akavimwaga chooni. Kila alipotoka hospitalini na vingine, navyo vikafuata njia hiyo hiyo. Hakumwambia mkewe, maana alimjua; angewasha moto.

Miezi haikupita mingi. Alikuwa katikati ya mnada, anasifia meza, nyundo ikamponyoka mkononi na sentensi ikakatikia njiani. Watu walicheka kwanza, wakidhani ni vituko vyake.

Hospitalini mkewe aliulizwa kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa zake. "Kila siku," akajibu, na moyoni aliamini anasema kweli. "Zile za presha." Walipomwambia kuwa ni donge la damu lililotoka moyoni, alitikisa kichwa, akatoka nje kwenye korido, akawaambia ndugu kuwa presha imempanda mumewe ghafla. Ndugu wakaguna kwa huruma. Presha waliijua.

Upande wa kulia ulilala. Maneno yakaenda yote, likabaki moja. Ukimuuliza Mnadi kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ni Jumanne, ndiyo. Akitaka kumtukana mtu aliyemmwagia chai, ndiyo. Ndani ya kichwa maneno yalikuwepo, yamejipanga vizuri kabisa, lakini mlangoni lilitoka lile lile. Hata shingo ilimsaliti: akitaka kukataa kwa kichwa, kichwa kinainama. Kuandika ndio usiseme, herufi zilimkimbia.

Jumapili moja mchana dada yake na Daktari walikuja kumwona. Mkewe alifurahi kupata wa kumwachia mgonjwa, akatoka kwenda dukani. Dada akavuta kiti karibu, akamfuta kaka yake mate, kisha akatoa paketi ya vidonge kwenye mkoba. Mnadi aliitambua mara moja.

"Kaka, na mimi wamenikuta nao huo huo," alisema dada. "Eti moyo unapiga ovyo. Ndio wakanipa hizi, nisiache."

"Nimempima leo asubuhi," Daktari alidakia. "Iko sawa! Namwambia, hasikii."

"Wamesisitiza lakini, mume wangu."

"Na kaka yako hawakumsisitizia? Alipewa hizi hizi. Wifi yako mwenyewe aliwaambia madaktari kwamba alikuwa anameza kila siku. Zimemsaidia nini? Mtazame!" Daktari alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, na ndilo lililokuwa baya zaidi. "Mimi nilimwambia aziache, akanipuuza. Si nilikwambia, shemeji?"

"Ndiyo," alisema Mnadi, na hiyo ilikuwa kweli tupu.

"Umesikia, mke wangu? Na wewe shemeji, ukaendelea kuzimeza?"

Hapana. Niliziacha, mjinga wewe, niliziacha kwa ushauri wako, na ndiyo maana niko hivi! Yote hayo yalijaa kifuani, yakapanda, yakafika kwenye ulimi. "Ndiyo!"

Dada alikuwa ameshaanza kulia. Akamshika kaka yake mkono ulio hai. "Kaka, wewe ndiye unayejua. Nimebaki na wewe tu. Kwa hiyo niziache?"

"Ndiyo!" Mnadi alipiga kelele. "Ndiyo! Ndiyo!" Aliuchomoa mkono, akainyaka paketi, akataka kuisukuma kifuani kwa dada yake, ndani ya nguo, popote, mradi aichukue. Lakini mkono wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi ya maana. Uliikunja paketi, ukaipigiza kwenye mkono wa kiti, vidonge viwili vitatu vikaruka sakafuni.

"Jamani, anataka kuziharibu," alisema dada, sasa analia kwa sauti. "Basi, kaka. Basi, usihangaike. Nimekusikia."

Akainama akaviokota kimoja kimoja, akampa mumewe pamoja na paketi, na mumewe akaenda navyo vyote chooni. Mnadi alisikia maji yanavutwa. Alilia kama alivyokuwa akilia siku hizi, kwa jicho moja zaidi ya jingine, na dada akambusu kwenye paji la uso, akamshukuru.

Mkewe aliporudi na mfuko wake wa unga alimkuta Daktari mlangoni, uso umemchangamka.

"Shemeji, njoo usikie," alimwambia. "Leo kaongea!"