Kapiteni Asiyekosea

Kitabu kilifika Kindu kabla ya mwandishi wake. Chérie, binti wa mwisho wa Déo, alikiazima kwa rafiki, na Jumapili baada ya misa akaketi kumsomea baba yake. Déo aliachia shule darasa la tano, alipenda kusomewa. Kurasa za mwanzo alicheka mpaka akajifuta machozi. Kapiteni Lubamba alikuwa yuleyule: rubani wa mwaka 2300, mwenye chombo kilichoundwa katika karakana ya reli hapa hapa Kindu, anayewapelekea chumvi watu wa nyota za mbali, na njia nzima hakuna kizuizi hata kimoja kinachomdai karatasi.

Déo alimjua kapiteni huyo kabla hajaandikwa. Wakati wa vita, treni zilipokoma kuja, yeye na Gauthier, huyo ambaye sasa ni mwandishi, walikuwa wakivuka mto hadi Alunguli, kisha wakisukuma baiskeli moja yenye magunia ya chumvi mpaka Pangi. Mlima ukipanda, mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma. Ukishuka, mmoja anashika usukani, na mwingine yuko nyuma na kamba. Yeye ndiye breki. Gauthier, aliyefika sekondari, alimzua kapiteni na nyota zake. Makosa yalitoka kwa Déo. Kapiteni wa kwanza alikuwa msafi kama sanamu ya kanisani, na Déo akasema huyo hata matope hayajui. Akampa ulevi, akampa uongo, akamfanya auze kiti kimoja kwa abiria wawili. Ndipo wakapatana sheria moja: kapiteni akikosea, atakiri, na atageuza chombo kumfuata aliyemwacha, hata kama nyota inaungua.

Wachuuzi waliolala nao njiani waliisikiliza hadithi hiyo wakiwa na njaa, na asubuhi wakaamka wakasukuma. Mmoja wao, mtu wa kijiji cha Kama, mwizi anayejulikana, alisema, "Kama mulevi vile anarudi, basi hata mimi naweza kuwa muntu."

Halafu ikaja siku ya masasi, bunduki zikalia ghafla. Walikuwa wakiteremka, Déo mbele, Gauthier nyuma. Gauthier aliachia kamba akaingia porini. Mzigo ukamzidi Déo nguvu, ukamburura mpaka chini, ukamvunja mguu. Wenye bunduki walimkuta amelala juu ya chumvi. Miezi minane aliwapikia huko msituni, mguu ukiunga vibaya. Mwezi wa kwanza, kila asubuhi, alitazama njia, maana sheria aliijua. Hakuna aliyekuja. Baadaye alisikia kwamba Gauthier yuko Kinshasa.

Chérie alifika ukurasa wa arobaini. Kwenye mteremko wa nyota moja, mwoga aliachia kamba akakimbia, na kapiteni akabaki na mguu uliovunjika, akilinda chumvi ya watu. Mwoga huyo aliitwa Déo. Kuanzia hapo kapiteni hakulewa tena, wala hakudanganya tena.

Msichana akainua macho kutoka kitabuni. Déo akamweleza yote, mara ya kwanza maishani mwake. Siku zote alikuwa amesema tu kwamba mguu ni wa vita. Chérie alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, hata mwenye alikimbia angesema hivyo," akasema, kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma.

Wiki ya pili Gauthier mwenyewe akaja kusoma kitabu katika ukumbi wa parokia. Déo alimsubiri mlangoni. Gauthier alikuwa amenenepa, miwani usoni.

"Déo! Ndugu yangu. Walisema ulikufa."

"Nani alisema?"

Gauthier akageuza macho kuelekea ukumbini.

"Sitaki kitu kwako," Déo akamwambia. "Mutoto wangu iko ndani. Mwambie nani aliachia kamba. Njo hivyo tu."

Gauthier aliinamisha kichwa. Akasema atasema, akaapa kwa kaburi la mama yake. Na Déo, mtu wa miaka hamsini, akamwamini tena. Alimwamini kwa sababu ya kapiteni. Aliona kwamba aliyemzua mtu kama yule lazima awe na kipande chake ndani.

Ukumbi ulijaa. Maswali yalipofika, Chérie alisimama na kuuliza kama yule Déo alikuwepo kweli. Gauthier alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Alikuwepo," akasema. "Na leo iko hapa."

Akamnyooshea mkono Déo, amwite mbele. Déo alipanda jukwaani akichechemea, akidhani saa imefika. Gauthier alimkumbatia, akageukia kipaza sauti.

"Vita ilitutisha sisi wote. Mimi nilimusamehe ndugu yangu huyu zamani."

Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa mbele alivua kofia.

"Kapiteni angerudi," Déo akamwambia sikioni.

"Najua," Gauthier akajibu kwa sauti ya chini, na mikono yake ikazidi kubana, kipaza sauti kikiwa upande wake, mbali na mkono wa Déo.

Chérie alikuwa amesimama juu ya benchi, analia kwa furaha, simu mkononi, akiwapiga picha.