Asilimia Mia na Ishirini na Tano

Twalib, fundi cherehani wa Nyakato, alimaliza kidato cha nne akaambulia divisheni ziro. Kwa hiyo siku karatasi ya maabara iliposema wingi wa damu yake ni asilimia mia na ishirini na tano, hakuona haja ya kumngoja daktari. Darasani hakuwahi kuvuka arobaini. Leo kavuka hata mia!

Ulikuwa mwaka themanini na nane. Foleni za sukari zilikuwa zimepungua, na Twalib, ambaye miaka ya dhiki alifungia suruali kwa kamba, alikuwa ameshajishonea tatu mpya, kila moja pana kuliko mwenzake. Akaingia sokoni na karatasi mkononi.

"Wewe ulipata ngapi?" akamuuliza Apolinary, muuza sato.

"Mimi nilikuwaga na sitini. Wakaniambia nile matembele."

"Pole sana. Ukitaka tuisheni, kwangu unapajua."

Nyumbani, mkewe Shani hakucheka. Yeye ndiye aliyemsukuma akapime. Ijumaa iliyofuata mchana, Twalib alipojilaza baada ya pilau, Shani alikaa kando yake na tasbihi, akivuta punje moja kila mkoromo ulipokatika na pumzi ikasimama. Mpaka anaamka, zilishapita punje arobaini na moja.

"Baba Kudura, mwenzio silali, nakuhesabu. Kila ikikatika nasema hii hairudi. Rudi kwa daktari."

Akarudi, akitegemea pongezi. Daktari Marcelina aliisoma karatasi, akampima presha, akasikiliza habari ya tasbihi mpaka mwisho.

"Pumzi ikikatika usingizini, hewa inapungua," akasema. "Mwili unahangaika, unatengeneza damu kupita kiasi, inakuwa nzito. Moyo wako unasukuma uji wa ulezi, fundi. Na presha iko juu. Ukiendelea hivi, moyo utakuzimikia."

"Kwa hiyo mia na ishirini na tano..."

"Siyo maksi."

Twalib akaikunja karatasi taratibu. Yaani mtihani pekee aliofaulu maishani ni wa kufa!

Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze mwili na asilale chali. La chali alilimaliza kwa cherehani: alishona mfuko mgongoni mwa shati la kulalia, akatia gunzi la mahindi. Akigeuka chali, gunzi linamchoma, anarudi ubavu huku akijitukana. Baiskeli akaiacha, akawa anakwenda Bweri kwa miguu kupeleka nguo za wateja, mbuzi wa njiani wakimpita.

Baada ya miezi mitano maabara ikasema mia na nane. Ijumaa hiyo akala kidogo, akajilaza na gunzi lake. Alipoamka, Shani alikuwa amesinzia palepale alipoketi, kidole gumba kimekwama kwenye punje ya sita.

Hakumwamsha. Alinyata mpaka nje, viatu mkononi, akaenda sokoni.

"Apolinary! Nimeshuka!"

"Pole, fundi."

"Pole ya nini? Niombee nishuke tena. Bado kidogo nikukute huko chini."