Hoja ya Pakiti Moja

Usiku wa jana niliota gitaa langu la besi limevaa suti, limeketi miguuni pa kitanda changu, linanisubiri niamke twende bungeni.

"Mheshimiwa Hemedi, tumechelewa," likasema. "Na leo unajadiliwa wewe."

Nikavaa viatu. Mtu akiitwa Mheshimiwa haulizi maswali.

Chanzo cha mambo nilikijua. Mchana, katikati ya mazoezi, Mzee Shekigenda, kiongozi wetu wa Muheza Machungwa Jazz, alinisimamisha mbele ya wanenguaji akaligusa gitaa langu kwa ncha ya kiatu. Nyuzi nne, kampuni nne. Ule mnene ni Ngurumo, unaofuata ni Nyati, wa tatu ni Chuma Tupu, na ule mwembamba hauna jina, maana ulikuja bila pakiti. Kila uzi uliokatika niliutafutia mrithi, nikamchukua yeyote aliyepatikana.

"Huu unaguna kama bibi mla ugoro," akasema Mzee. "Huu unalia kama kijiko kimeanguka jikoni. Hili si gitaa, ni kambi ya wakimbizi. Jumamosi harusini uje na nyuzi za pakiti moja. Ukishindwa, besi atashika shemeji yangu."

Shemeji yake ana nyuzi nne za pakiti moja na hajui kupiga hata mmoja.

Nikamjibu kwamba mimi ni mshairi, mizani nimejifunza bila mwalimu, na Kiswahili changu hakijachanganywa na kitu; usafi sifundishwi na mtu. Nikaenda kulala na hasira yangu.

Sasa basi, Bunge lilikuwa ndani ya mfuko wa gitaa. Unafungua zipu, unashuka ngazi. Spika amekaa kiti cha juu. Ni spika kweli, la mbao, limetoboka kifuani, limevaa joho. Akizungumza, vikombe vya chai vinatetemeka. Nyuzi zangu nne ziko mbele yake, zimejikunja sakafuni kama nyoka wenye aibu.

Mzee Shekigenda anasimama. "Mheshimiwa Spika, natoa hoja. Kila kisichotoka pakiti moja na mwenzake, kiondoke."

"Naunga mkono!" anasema shemeji yake, ambaye humo ndotoni hana kichwa, ana pakiti.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo!" vinasema viti.

"Mwongozo wa Spika!" napiga kelele.

"Kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi simama uulize."

"Tunaanzia kwa nani?"

Spika anafikiri, anavuma. "Kanuni inasema tuanze na mtoa hoja."

Hapo hapo koti la Mzee linajifungua vifungo. "Mimi ni mtumba," linasema. "Hii suruali siijui, tulikutana mnadani." Linatoka. Suruali nayo inatoka, imenuna. Kiatu cha kushoto kinamtazama mwenzake: "Kumbe wewe si ndugu yangu!" Vinaachana mlangoni. Rangi nyeusi ya nywele inateremka shingoni na kuaga. Mwisho jino la mbele linachomoka lenyewe, linainama kwa adabu.

"Samahanini. Wenzangu ni wa kuzaliwa. Mimi nilitengenezwa Tanga."

Mzee amebaki na chupi na mvi.

"Na yeye!" anafoka, ananinyooshea kidole. "Athome thairi lake!"

Sikuogopa. Shairi langu nalijua. Nikasimama, nikatoa kifua:

Naapa kwa lugha yangu, safi isiyo na doa,
Gitaa langu ni rungu, sauti linapotoa,
Nyuzi zatoka mafungu, dunia zitaokoa,
Mzee, muhofu Mungu, bendini kuniondoa.

Kabla sijameza mate, neno lugha linanidondoka ulimini. Linavaa kanzu, linakwenda kusimama upande wa Waarabu. Safi anamfuata. Sauti, dunia na hofu wanatoka pamoja, wanazungumza habari za kwao. Gitaa na bendi wanaondoka na Waingereza. Hata meza iliyo mbele ya Spika inajiondokea, inasema babu yake Mreno.

"Rudia," anasema Spika.

Narudia. "Naapa kwa... yangu... isiyo na doa... langu ni rungu."

Ngurumo anacheka mpaka anajipiga sakafuni. "Mshairi safi huyo! Kabaki na rungu!"

"Kimya!" anaunguruma Spika. "Kwa mujibu wa kanuni..." Neno kanuni linaondoka. "Basi hoja..." Hoja naye huyo, kamshika kanuni mkono. Spika anatazama kulia, anatazama kushoto. "Na mimi je?"

"Wewe ni Mwingereza," namkumbusha.

Anavua joho, anajichomoa waya ukutani, anaondoka bila kuaga.

Tumebaki Mzee na chupi yake, mimi na rungu langu, na nyuzi nne.

"Mnataka nini?" nawauliza.

"Hatukuomba kufanana," anasema Ngurumo. "Vidole vyako havifanani, mbona hujavifukuza? Kila mmoja wetu ana mkazo wake. Wewe unatukaza wote kwa hasira moja, halafu unashangaa tukigombana."

Yule asiye na jina akaongeza, taratibu: "Na acha kujisifia pakiti, kaka. Hata wewe huna."

Nikatafuta neno la kumjibu. Lilikuwa limeshaondoka na Waarabu. Nikaamka.

Kumekucha. Gitaa liko ukutani nilipoliacha, halina suti. Nikalipiga. Nyuzi zimepatana zote nne, nami jana niliziacha zinazozana. Hilo ningelipuuza, joto la chumba hufanya mambo. Lakini kati ya Nyati na Chuma Tupu kulikuwa na kitu cheupe kidogo, kimebanwa. Nikakichomoa.

Simu ikalia. Mzee Shekigenda.

"Hemedi, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo. "Jumamothi njoo. Na nyuthi thako hitho hitho."

"Shikamoo, Mzee. Na shemeji?"

"Achana na themeji. Thikia, kuna kitu kimenipotea uthiku..."

"Ninacho mkononi, Mzee. Nitakuletea." Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Ila niambie kwanza: hili ni la pakiti gani?"